Yoga Nyumbani Mwezi Mmoja: Fanya, Ila Dawa za Presha Usiziache

Nafanya kazi kliniki ya presha na sukari. Siku hizi wagonjwa wengi wananiuliza habari za yoga, hasa akina mama walioonyeshwa na mabinti zao kwenye simu. Nafurahi kuulizwa. Lakini lipo jambo moja linalonichosha, na hapa nitalirudia mpaka na ninyi mchoke.

Yoga ni kitu gani?

Ni mazoezi yenye asili ya India: unanyoosha mwili taratibu huku akili ikifuata pumzi. Tangu mwaka 2015 kila tarehe 21 Juni huadhimishwa kuwa siku yake kimataifa. Huhitaji nguo za dukani. Suruali pana na fulana zinatosha. Angalia tu mkeka, maana kwenye marumaru unateleza. Nimemfunga mtu bandeji ya kifundo cha mkono kwa sababu hiyo hiyo. Tandika zulia.

Inasaidiaje msongo wa mawazo?

Ukiwa na msongo, mwili unajiweka kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, zinapanda, moyo unaenda mbio, mabega yanasogelea masikio na wewe huna habari. Ukitoa pumzi polepole, sehemu ya mishipa ya fahamu inayotuliza moyo inaamka. Kwa hiyo vuta pumzi puani ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6. Usiibane, hasa kama una presha. Deni la kikoba litabaki pale pale, ila utalikabili ukiwa umelala usingizi.

Nianze vipi?

Dakika 10 kila siku, saa mbili au zaidi baada ya kula. Piga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa, kisha pandisha mgongo na kuushusha mara 8 hivi, ukienda na pumzi. Halafu kalia visigino, inama mpaka paji la uso liguse sakafu. Lisipofika, weka mto; na kama presha yako haijatulia au una presha ya macho, mto uwe mrefu ili kichwa kisishuke chini ya moyo. Kisha lala chali, miguu juu ya kiti, dakika tano. Malizia umelala tu, mikono pembeni, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Hapo mwisho watu hupaacha kwa sababu "hakuna kinachofanyika". Ndipo penyewe.

Wiki ya tatu ongeza mpaka dakika 20. Ukiinuka, inuka kwa vituo: ubavu kwanza, kaa, ndipo usimame. Anayetumia dawa za presha akiinuka ghafla huweza kuona kizunguzungu.

Je, ni ibada ya dini nyingine?

Hilo muulize sheikh au mchungaji wako. Kunyoosha mgongo na kupumua hakuhitaji maneno yoyote, na mimi nafundisha hayo mawili tu.

Nimefanya yoga wiki tatu, nalala vizuri, kichwa hakiumi. Naweza kuacha dawa za presha?

Hapana.

Mama mmoja wa makamo alikuja akiwa mchangamfu kweli. Akafungua pindo la kanga, akatoa pakiti za amlodipine, vidonge vya presha tulivyompa mwezi uliopita. Zote nzima, hata kidonge kimoja hakijatobolewa. "Mwanangu, hizi rudisheni mpeni mwingine, mimi yoga imeniponya." Tulimpima mara tatu, mkono huu na huu. 190 kwa 112, juu sana. Na kweli kichwa kilikuwa hakimuumi.

Presha haina adabu ya kubisha hodi. Watu wengi hawasikii chochote mpaka siku ya kiharusi. Kulala vizuri si kipimo cha presha. Kipimo cha presha ni mashine.

Lakini nimepima nyumbani baada ya yoga, nimepata 128 kwa 82. Si nimepona?

Hapana. Hiyo ni kazi ya dawa unayomeza, ikisaidiwa kidogo na yoga. Ukiona sufuria halifuriki kwa sababu umepunguza moto, huongezi moto kwa furaha. Tena umepima dakika chache baada ya kulala chali na kupumua polepole. Hata mimi nikipimwa hapo nitapendeza. Pima siku mbalimbali, asubuhi na jioni. Kaa kwanza dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na kibofu kiwe kitupu. Andika namba kwenye daftari, ulete.

Basi nipunguze, nimeze siku moja na kuruka moja?

Hapana, hapana. Ni kuacha huko huko, ila kwa kificho. Yoga hushusha presha kwa kiasi kidogo tu kwa walio wengi. Dozi ikistahili kupunguzwa, atapunguza daktari akiwa ameiona hiyo daftari yako. Jirani hana mamlaka hayo, wala mwalimu wa kwenye video.

Kusimama kwa kichwa je?

Mwezi wa kwanza? Usijaribu. Mwenye presha isiyotulia au presha ya macho aachane na kila mkao unaoshusha kichwa chini ya moyo. Na ukisikia maumivu ya kuchoma kwenye goti au shingo, acha hapo hapo. Eti maumivu ndiyo dalili kwamba zoezi linaingia! Mnaotuambia hivyo ndio tunaowaona baadaye mkichechemea.

Mwezi umeisha, bado silali na sina hamu ya kitu.

Njoo uonwe. Inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nayo ina tiba. Ukipata mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo na uende hospitali leo.

Katikati ya zoezi mkono umekuwa mzito upande mmoja. Nipumzike kwanza?

Usipumzike. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kuishiwa nguvu, maneno kukorogeka: hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Kifua kinachobana vilevile, usikiite "stresi". Waulize wenzako ilianza saa ngapi na mwende sasa hivi, kwa sababu baadhi ya tiba zina saa zake. Nanyi mlio na mgonjwa, msimkande maji ya moto, msimsubirie kupambazuke, msimpe kitu mdomoni.

Nimeshaacha dawa tangu mwezi jana. Naona aibu kurudi kliniki.

Rudi kesho asubuhi. Ukiwa na kichwa kikali, macho yenye ukungu au kifua kinachobana, usiku huu huu nenda hospitali. Usimeze vidonge vingi kwa mpigo kufidia. Njoo na kadi na pakiti zote, hata zile ulizoficha kabatini, na sema ukweli umeacha lini, maana ukituambia unameza tutakuongezea dozi usiyoihitaji. Hatutakugombeza. Haya, tutakugombeza kidogo, kisha utakaa pale kwenye benchi dakika tano na tutakupima.