Marriage Story: nani alishinda, na ubishi mwingine

Kila wanapokutana watu walioitazama Marriage Story, filamu ya Noah Baumbach ya mwaka 2019, timu mbili huzaliwa hapohapo: timu Charlie na timu Nicole, mume na mke wanaotalikiana humo. Ubishi mtamu, ila sehemu kubwa umejengwa juu ya mambo ambayo siyo. (Ambaye hajaitazama aishie hapa, maana siri zote zinamwagwa.)

La kwanza ni lile la kuchepuka. Charlie alilala na mwanamke wa kikundi chake cha maigizo, basi watu wanangoja hakimu amwadhibu. Watangoja sana. Kesi iko California, na huko tangu mwaka 1970 anayeomba talaka halazimiki kuthibitisha kosa la mwenzake. Inatosha kusema kwamba tofauti zao hazisuluhishiki. Usaliti unaumiza nyumbani, lakini si silaha kubwa mahakamani. Kinachogombaniwa hasa ni mtoto, Henry, na swali la kwao ni wapi: New York au Los Angeles. Ndiyo maana mawakili wanachokonoa vijambo vidogo. Nora, wakili wa Nicole, anamwambia hakimu kwamba kiti cha Henry kwenye gari hakikufungwa sawasawa. Jay, wakili wa Charlie, naye anachukua maneno ambayo Nicole alimwambia mumewe kwa kuaminiana, kwamba usiku mmoja alipata shida kupanda ngazi baada ya kunywa mvinyo, anayafanya yasikike kama habari za mlevi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu inayouma kuliko hata ule ugomvi maarufu wa kupigiana kelele.

Kuhusu ugomvi huo, wapo wanaoapa kwamba Adam Driver na Scarlett Johansson, walioigiza Charlie na Nicole, walikuwa wanaropoka tu yaliyowajia kichwani. Hapana. Maneno yaliandikwa kwenye mswada, na kuurekodi kulichukua siku mbili.

Halafu kuna bahasha. Nicole analaumiwa kwamba ni mwoga, eti akamsukumia dada yake, Cassie, kazi ya kumkabidhi Charlie hati za talaka. Cassie mwenyewe anababaika jikoni mpaka unamwonea huruma. Lakini sheria ya California haimruhusu mhusika wa kesi kukabidhi hati kwa mkono wake. Lazima afanye hivyo mtu mwingine aliyetimiza miaka 18. Aliyezipokea ana siku 30 za kujibu, na hapo Charlie anaanza kukimbizana na muda. Anagundua pia kwamba wakili aliyekwisha kusikiliza siri za Nicole hawezi kumtetea yeye, na Nicole ameshawapitia wengi.

Wanaodai kwamba ni maisha ya Baumbach mwenyewe wana nusu ya hoja. Ni kweli aliachana na mwigizaji Jennifer Jason Leigh, lakini amekana kwamba filamu ni wasifu wake, na kabla ya kuiandika alizungumza na mawakili, majaji na watu wengine waliopitia talaka.

Na wanaosema Nicole alishinda warudie mazungumzo yake na Nora mwishoni. Charlie na Nicole walikubaliana kugawana muda wa kukaa na Henry nusu kwa nusu. Nora akampatia Nicole asilimia 55 wakati Charlie yuko Los Angeles, ili tu Charlie asijisifu kwamba wamegawana sawa. Nicole hakuitaka.