Mwache kifaranga atoke mwenyewe: dhana potofu za kutotolesha mayai nyumbani

Mama mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, aliniletea beseni lenye mayai tisa yaliyokwisha kutobolewa, na ndani ya kila yai alikuwamo kifaranga aliyekamilika manyoya na kucha, amekufa, utando umemgandia mwilini kama karatasi iliyokaukia gundi. “Daktari, nilikuwa nawasaidia kutoka,” aliniambia kwa uchungu, nami maneno hayo nimeyasikia kwa wafugaji wengi mno wa Igoma na Ilemela.

Wanaamini kwamba kifaranga akitoboa yai na saa chache zikapita bila kutoka, basi amekwama, hivyo mashine ya kutotolesha ifunguliwe na abanduliwe ganda kwa vidole. Hajakwama. Tangu tundu la kwanza hadi kutoka, kwa kawaida hupita saa 12 hadi 24, na katika ukimya huo anazoea kupumua kwa mapafu, damu iliyo katika mishipa ya utando inarudi mwilini mwake, na kiini kilichosalia kinaingia tumboni. Ukimbandua mapema unaichana mishipa hiyo ingali na damu. Tena, kila unapoinua kifuniko, unyevu, ambao kuanzia siku ya 18 tangu mayai yaingizwe mashineni unatakiwa uwe kama asilimia 65 hadi 70, unatoka wote, utando wa mayai mengine yaliyotobolewa unakauka, na kifaranga aliyekuwa akijizungusha vizuri anabanwa humo humo. Aliyekwisha kutoka naye hadhuriki kwa kubaki ndani mpaka akauke, kwani kiini kile humtosha kwa takriban siku mbili bila chakula wala maji. Ninachowasihi wafugaji wangu ni kwamba siku ya 18 waache kugeuza mayai, wajaze maji, wafunge kifuniko kwa tepu, kisha watazame kupitia kioo tu.

Wapo pia wanaodai kwamba sisi tulio kando ya ziwa hatuhitaji maji ndani ya mashine kwa kuwa hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 70, ikipashwa joto hadi nyuzi 37.5, hubaki na unyevu wa takriban asilimia 34, kiasi ambacho ni kidogo hata kwa wiki ya kwanza.

Kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo hutoa tetea, si kweli hata kidogo. Mayai ya kuku wa kisasa wasiokaa na jogoo hayatoi kifaranga, hata mashine iwe ya bei gani. Kuyaosha mayai kunaondoa ngozi nyembamba inayozuia vijidudu, kwa hiyo chagua masafi tangu kwenye kiota.

Umeme ukikatika kwa saa moja, usiyatupe mayai, maana kijusi huvumilia kupoa kuliko kuzidishiwa joto. Funika mashine kwa blanketi, na usiifungue.