Anayelia Juu ya Mbuyu Usiku: Komba au Bundi?

Kilio cha kichanga juu ya mbuyu saa tano usiku huzua maneno mtaani, na lawama humwendea bundi. Mara nyingi anasingiziwa. Mwenye kilio hicho ni komba mkubwa. Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, yule anayezalia kwenye dari, hukwaruza kama kitambaa kinachochanwa.

Komba ni jamaa wa mbali wa tumbili. Tumbili halisi wanaokesha wanapatikana Amerika ya Kati na Kusini peke yake.

Mmulike kwa tochi. Macho ya komba yatawaka mekundu kama makaa, kwa sababu nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga. Komba mdogo, mwenye gramu 200 hivi, huruka wima zaidi ya mita 2 toka aliposimama. Hula wadudu na gundi ya migunga, na hujikojolea viganja na nyayo. Ukipita chini ya mti wake, pua itakwambia.

Bundi hawezi kuzungusha macho, yamekaa kama darubini ndani ya fuvu. Ndiyo maana hugeuza shingo yenye pingili 14, mara mbili ya zetu, hadi nyuzi 270. Yule wa darini tundu lake moja la sikio liko juu kuliko jingine, hivyo humkamata panya kwenye giza totoro kwa kusikia tu. Ukingo wa mbele wa bawa una meno laini kama ya kitana yanayozima kelele za upepo. Asichoweza kumeng'enya hukitapika: okota donge la manyoya chini ya kiota, lilowanishe, ulipasue, utakuta mafuvu ya panya.

Hapo ndipo sumu ya panya inapoharibu. Sumu za kuzuia damu kuganda humchukua panya siku kadhaa kufa, naye huzurura akiwa amelegea, akawa windo rahisi kwa bundi. Sumu humfuata aliyemla. Kwenye ghala la mtama tumia mitego, na okota mizoga kila asubuhi uifukie.

Komba hafugwi ndani. Anang'ata, na kumkamata bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009. Kinda la bundi likianguka, vaa glavu kulishika, ulirudishe juu jioni ileile. Wazazi hawalikatai kwa harufu ya mkono wako.