Jabali Zuri, Mkono Haushiki

Jumamosi usiku, baada ya isha, mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Kibokoni na kontrola yake begani kwenye mkoba. Nilikuwa nimepata gemu mpya ya kukwea majabali. Dakika kumi za mwanzo hatukucheza, tulitazama tu. Ukungu unapanda kutoka bondeni, jua linaupiga mwamba mpaka unakuwa kama shaba, ndege wanapita chini ya miguu yako. Kisha tukaanza kukwea. Alipoanguka mara ya saba, kijana aliweka kontrola mkekani akaniuliza: "Ami, mbona anashika hewa?"

Swali hilo ndilo mkate wangu. Kazi yangu ni kuandika programu za mwendo wa wahusika wa gemu: mtu anavyokimbia, anavyoruka, anavyotua. Jina la gemu hii nalihifadhi. Walioitengeneza ni watu wa fani yangu, na kesho huenda nikawaomba kibarua.

Tuanze na jiwe. Kwenye ule mwamba kila jiwe lina ufa wake, kivuli chake na kuvu yake, na kwa macho yote yanashikika. Lakini kompyuta haiujui mwamba wa shaba unaouona wewe. Inajua nukta kadhaa zilizofichwa juu yake, na mkono hushika nukta, si jiwe. Mchoraji akichora ufa mzuri mahali pasipo na nukta, kijana ataunyooshea mkono na kushika hewa. Gemu nyingi hulitatua hili kwa kupaka rangi ya njano kwenye kingo za kushika, na wachezaji wengi huichukia rangi hiyo kwa kuharibu mandhari. Hawa wameikataa, na hapo niko upande wao. Ila ukiondoa alama, ongeza huruma: mkono ukiikosa nukta kwa upana wa kidole, programu iuvute mpaka uikamate. Hapa hauvutwi. Umekosa, umekosa.

Mkwezi wa minazi hukata vidato kwenye shina (vya mnazi, si vya shule), na kila anachokiona kwa jicho mguu unakikuta. Ungemchorea vingine kwa makaa, angeshuka zake na nazi ungeziangua mwenyewe.

Kilichonichukua siku kadhaa kukielewa ni kamera. Ukisukuma kijiti cha kontrola kushoto, gemu haisomi kushoto kwa mwamba, inasoma kushoto kwa kamera. Ni utaratibu wa kawaida, na kwa mtu anayekimbia uwanjani hauna ubaya wowote. Lakini katika gemu hii, ukifika pembeni mwa jabali, kamera inajizungusha yenyewe ili ikuonyeshe machweo. Machweo mazuri mno, sikatai. Tatizo ni kwamba kidole chako bado kimesukuma kushoto, na kushoto ile sasa imegeuka kuwa nyuma, kwenye utupu. Mtu wako anafanya alichoambiwa: anaachia jabali. Mchezaji anajilaumu, anarudia, anaanguka palepale.

Dawa inajulikana na ni mistari michache tu ya programu. Maadamu kidole hakijaachia kijiti, shikilia mwelekeo uleule wa awali. Kikiachia na kusukuma upya, ndipo usome kamera ilipo sasa. Nimeiandika mwenyewe zaidi ya mara moja. Kwa nini haimo humu? Nashuku anayepanga kamera na anayepanga mikono hawakai meza moja.

Halafu kuna pumzi, yaani nguvu za mkwezi zinazopungua kadiri anavyoshika. Hapa nitaleta mfano wa gemu ya Celeste ya mwaka 2018, kwa sababu walioiunda waliweka hadharani programu ya mwendo wa mhusika wao, Madeline, na sisi wa fani tumeisoma kama msahafu. Madeline huanza na pumzi 110. Akining'inia ukutani bila kusogea hupoteza 10 kwa sekunde. Akipanda hupoteza takriban 45 kwa sekunde, yaani hata sekunde mbili na nusu hazifiki. Kila akiruka kwenda juu akiwa ameshika ukuta, 27.5 zinakwenda. Zikishuka chini ya 20 anaanza kumetameta kwa wekundu. Mchezaji hazijui tarakimu hizi, lakini baada ya nusu saa vidole vyake vinazijua. Tena ukichelewa kubonyeza kitufe cha kuruka, mguu ukawa umeshatoka ukingoni, gemu inakupa sehemu ya kumi ya sekunde, fremu (picha za skrini) sita katika sitini za kila sekunde, na kujifanya haikuona. Watu husema Celeste ni ngumu. Ni ngumu, lakini haikuibii.

Gemu yetu imeficha pumzi ndani ya sauti: mtu anahema, mikono inatetemeka kidogo, kwisha. Wazo zuri kwa mwenye vipokea sauti na chumba kimya. Kwangu feni inazunguka na nje tuktuk zinapigiana honi. Pumzi inakwisha bila mimi kusikia lolote. Mvua ya gemu ya Breath of the Wild ya 2017 imewakera wengi kwa kuufanya mwamba uteleze, lakini angalau utabiri wa hali ya hewa umo pembeni mwa skrini.

Wala si kwamba uzuri na mkono havikai pamoja. Jusant, gemu ya kukwea ya mwaka 2023 kutoka Ufaransa, inapendeza macho, na kila mkono una kitufe chake: unabana wa kushoto, unaachia wa kulia. Ukianguka, kamba inakudaka.

Nikaingia kwenye mipangilio nikazima kamera ya kujizungusha, iliyokuwa imefichwa mwisho kabisa wa ukurasa. Televisheni nayo nikaiweka kwenye hali ya gemu, maana ikiwa kwenye hali ya filamu inaipamba kila fremu kabla ya kuionyesha, na kupamba huko ni kuchelewa. Kijana akaanza kupanda. Machweo hatukuyaona tena, tuliona mwamba tu. Akavuka ile pembe, akavuka ufa mkubwa, hakuangalia pembeni.

Sijataja kwamba gemu huhifadhi ulipofika pale tu unapokanyaga kilele. Alikuwa amebakiza kama mishiko minne hivi stima ilipopotea mtaa mzima.

"Ami."

"Nimeona."

Iliporudi, karibu saa sita, tulikuwa chini ya jabali. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linaupiga mwamba.