Ndege wanaofanana bila kuwa ndugu: maana ya mageuko ya kufanana

Hakuna kolibri (kwa Kiingereza hummingbird) Afrika. Yule ndege mdogo anayemetameta kijani au zambarau, mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayehangaika na maua ya mshubiri asubuhi, ni chozi. Kolibri wa siku hizi wapo mabara ya Amerika tu, toka Alaska hadi ncha ya kusini kabisa. Picha za chozi zilizoandikwa "kolibri" zinazagaa mitandaoni, na siwalaumu sana wanaozisambaza, kwa sababu ndege hawa wanafanana kweli.

Kufanana huko kuna maelezo yake. Mageuko ya kufanana ni pale viumbe wasio na babu mmoja wa karibu wanapofikia umbo linalolingana kwa kuwa wanafanya kazi moja. Anayeishi kwa kufyonza nekta, yaani maji matamu ya maua, anahitaji mdomo mrefu mwembamba, ulimi wa kuifikia na mwili mwepesi. Uteuzi wa asili ukifanya kazi kwa mamilioni ya miaka, nasaba mbili zilizo mbalimbali huishia kushabihiana. Hakuna aliyemwiga mwenzake.

Kwa anayejifunza kutambua ndege wa dunia, maana yake ni kwamba umbo linakuambia ndege anafanya kazi gani, halikuambii ni wa ukoo gani. Ukoo utafute kwenye vidole, pua, namna ya kutua, na bara ulilosimama.

Mtazame chozi akila. Hutua kwanza. Hushika bua, hujining'iniza kichwa chini ikibidi, ndipo achomeke mdomo. Kuelea hewani anaweza, ila kwa muda mfupi. Kolibri hahitaji pa kukanyaga: husimama hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga makumi ya mara kwa sekunde, na akishiba hurudi kinyumenyume. Siri iko begani. Bawa lake hugeuka kwenye kiungo cha bega, hivyo humwinua linaposhuka na linapopanda pia.

Utamu wa jambo unakuja ukiongeza jozi ya pili, mbayuwayu na teleka, ambao watu wengi huwaita wote mbayuwayu. Wana mabawa marefu, na wote hukamata wadudu wakiwa wanaruka. Lakini mbayuwayu ni wa lile kundi kubwa la ndege watuaji, walimo pia shomoro, kunguru na chozi. Teleka hayumo. Jamaa zake wa karibu ni kolibri! Yaani chozi, kwa nasaba, yuko karibu na mbayuwayu kuliko na kolibri anayefanana naye, na teleka mweusi anayezunguka juu ya mapaa ya mjini ni binamu wa yule kolibri wa rangi za vito. Mifupa ilidokeza habari hii zamani, vinasaba vikaithibitisha.

Kuwatenganisha teleka na mbayuwayu, rangi haisaidii sana, maana juu angani wote huonekana weusi. Tazama waya za umeme. Aliyetua pale ni mbayuwayu. Teleka wa mjini ana miguu mifupi mno, na vidole vyake vyote vinne huweza kuelekea mbele. Vinafaa kung'ang'ania ukuta au jabali, si kushika waya. Akiwa angani, mabawa yake yamepinda kama mundu na hayakunjiki sana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha kwamba baadhi ya teleka wa Ulaya, wale wanaokuja Afrika kukimbia baridi, hukaa angani miezi 10 bila kutua.

Tumbusi nao ni hivyohivyo. Wa Afrika ni wa ukoo wa tai na mwewe. Wa Amerika wana ukoo wao, ingawa pande zote mbili utakuta vichwa vilivyonyonyoka na njaa ya mizoga. Ukimtazama wa Amerika ubavuni, tundu la pua limepenya hadi upande wa pili, unaona mwanga. Baadhi yao hunusa mzoga uliofichwa na miti ya msituni. Wetu hutegemea macho.

Hondohondo na tukani huchanganywa kwa sababu ya mdomo mkubwa tu. Tukani ni wa Amerika ya Kati na Kusini, jamaa wa kigogota, na kama kigogota ana vidole viwili mbele, viwili nyuma. Hondohondo ana vitatu mbele. Tena msimu wa kutaga ukifika, jike wa aina nyingi za hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa tope na kinyesi, ukabaki ufa mwembamba wa dume kupitishia chakula. Tukani hutaga tunduni vilevile, lakini mlango huuacha wazi.