Kipupwe, kimbunga na maneno ya simu: yanayosemwa Mtwara na Lindi, na yalivyo hasa

Kipupwe kikikaza, kuanzia Juni hadi Agosti, hurudi na ujumbe wake wa WhatsApp. Unasema dunia imefika mbali kabisa na jua, kilomita milioni 152, baridi itakuwa kali kuliko miaka yote, kwa hiyo tunywe maji ya moto na tujifunike mpaka Agosti ipite. Husambazwa na watu wazima wenye akili zao. Chini yake hakosi wa kuongeza lake: baridi hii si ya bure, mwaka huu kimbunga kitatufika. Mwingine naye atajibu kwamba huko Marekani kwenyewe vimbunga vimekuwa haba, basi na sisi tumepona.

Tuanze na maneno hayo matatu, kila moja lina kosa lake, kisha tuyatazame na mengine ya pwani yetu.

"Baridi imekuja kwa sababu dunia iko mbali na jua"

Namba ya kilomita milioni 152 ni ya kweli, na ndiyo inayoufanya ujumbe uaminike. Kila mwaka, siku za mwanzo za Julai, dunia hufika pale mzunguko wake ulipo mbali zaidi na jua. Mwanzoni mwa Januari huwa karibu zaidi, kama kilomita milioni 147. Tofauti ni asilimia 3 hivi, nayo hutokea kila mwaka tangu enzi za mababu bila kutumiwa ujumbe. Isitoshe, Julai hiyohiyo ndipo Ulaya na Marekani wanapotokwa jasho. Kama umbali ndio ungeleta baridi, na wao wangevaa makoti.

Kinachotupoza ni dunia kuinama. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na 22 Februari. Juni liko mbali upande wa kaskazini, miale hutufikia kwa mshazari na mchana unafupika kidogo. Wakati huohuo mgandamizo mkubwa wa hewa ulio kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, huimarika na kutusukumia upepo wa kusi wenye hewa ya ubaridi.

Baridi yenyewe haifanani kila mahali. Anayelala Newala, juu ya uwanda wa Makonde, anaihisi zaidi kuliko wa Shangani, Mtwara mjini, kwa sababu ya mwinuko: kila meta 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Masasi haiko juu sana, lakini iko mbali na bahari, na usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto upesi. Mtwara mjini na Lindi mjini bahari huwakinga. Mtu wa Makete, kwao Kitulo kunakoganda barafu, akituona tumejifunga masweta kwa baridi hii ya kwetu huwa anajizuia tu asicheke.

"Baridi kali ni dalili ya kimbunga"

Hili limeingia kwa kuchanganya kalenda mbili. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni Juni hadi Novemba, na kilele chake ni Septemba. Vijana wetu wanaopenda mambo ya hali ya hewa hufuatilia picha za Florida na Karibi kwenye simu huku wamejikunyata kwa baridi ya Julai, na akili inaviunganisha vitu viwili visivyojuana. Upande wetu, kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, msimu ni Novemba hadi Aprili, yaani wakati wa kaskazi na joto. Wao wakiingia kwenye hatari, sisi tumetoka.

Kimbunga hula joto la bahari. Maji yanatakiwa kufikia nyuzi joto 26 au 27 hivi, na si juu juu tu bali hadi meta 50 hivi kwenda chini, hewa iwe na unyevu mwingi, na upepo wa juu usipishane sana na wa chini, maana ukipishana unakikata kichwa. Baridi ya Julai haiachi chochote baharini kitakachoonekana Machi. Kati yake kuna miezi ya jua kali inayoyapasha maji upya.

Na kinyume chake pia si kweli, kwamba penye baridi hakuna kimbunga. Mwishoni mwa Oktoba 2020 jimbo la Oklahoma lilikuwa limefunikwa na barafu iliyokuwa ikivunja matawi ya miti, na siku zilezile kimbunga Zeta kikapiga Louisiana. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipoingia New Jersey, milima ya West Virginia ilipata theluji nzito kutokana na dhoruba hiyohiyo. Hewa hupoa kwa siku moja. Bahari huchukua wiki na miezi.

"Msimu ukiwa kimya, tumepona"

Mwaka 1992 Atlantiki ilipata dhoruba sita tu zilizopewa majina. Ya kwanza yake ilikuwa Andrew, iliyoubomoa upande wa kusini wa Florida mwezi Agosti. Mwaka 1983 zilikuwa nne, na moja kati ya hizo nne, Alicia, ikaipiga Texas. Idadi huhesabiwa kwa bahari nzima. Nyumba ni moja.

Wala ukimya wa kwao hauhusiani na wa kwetu. El Niño, kwa mfano, yaani maji ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida, huelekea kuzima vimbunga vya Atlantiki kwa kuongeza kupishana kwa pepo juu ya bahari ile. Anayesikia "msimu wa vimbunga umepoa" kwenye taarifa ya kigeni aulize kwanza ni bahari gani.

"Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutisha bure"

Hapa ndipo penye maneno mengi zaidi, na malalamiko mengi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuja kutoka upande wa Comoro. Mtwara ilitahadharishwa, shule zikafungwa, watu wakaambiwa wakae ndani au wasogee sehemu za juu. Tarehe 25 kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kama kilomita 200 kusini mwetu. Huku hakikufanya kitu cha kutisha, na barazani ikawa kicheko. Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania kikafifia kabla hakijafika. Kicheko kikaongezeka.

Waliocheka hawakuwauliza watu wa Pemba ya Msumbiji. Kenneth kwenye kilele chake kilikuwa na upepo unaozidi kilomita 200 kwa saa, na kilikuja wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuizamisha Beira. Kwa kimbunga kinachosafiri mamia ya kilomita juu ya maji, kukosea kwa kilomita 200 siku mbili kabla si jambo la ajabu. Ndiyo sababu ramani huchorwa kama faneli inayopanuka, si kama mstari.

Lakini kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: upande gani wa kitovu uliopo. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki, pwani iliyo kaskazini mwa kitovu hupata upepo unaotoka bara kwenda baharini. Pwani iliyo kusini mwa kitovu hupigwa na upepo unaotoka baharini, umebeba maji na unasukuma mawimbi nchi kavu. Kenneth kilitua kusini mwetu, sisi tukawa upande wa nafuu. Si bahati tu.

Mei 2024 mambo yakageuka. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 kikiwa kimeanza kulegea, na wengi kusini wakapumua: Mafia ni mbali. Kumbe kitovu kikiwa Mafia, Kilwa na Lindi ndizo ziko upande wa kusini, ule mbaya. Mvua ilinyesha Kilwa mpaka barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika, Somanga na kwingine, na mabasi na malori yakakwama. Aliyekuwa akitazama jina la mahali kitakapotua, bila kutazama yeye yuko upande gani, alipata habari nusu.

"Aprili ikifika tumevuka"

Kwa pwani yetu ni karibu kinyume. Kimbunga kikubwa kilichopiga Zanzibar na kung'oa mikarafuu kilikuwa Aprili 1872. Kilichoipiga Lindi kilikuwa Aprili 1952. Kenneth Aprili, Jobo Aprili, Hidaya Mei, tena baada ya msimu kuhesabiwa kuwa umekwisha. Wakati huo maji bado yana joto, na mgandamizo wa kusini unaoanza kukua unaweza kukisukuma kimbunga magharibi, kuja kwetu, badala ya kukiacha kikate kona kuelekea kusini kama vingi vinavyofanya. Hoja ya kwamba pwani yetu iko karibu mno na ikweta ina ukweli ndani yake, kwa kuwa ndani ya nyuzi tano hivi za ikweta vimbunga haviumbiki kwa urahisi. Ila Lindi na Mtwara ziko kwenye nyuzi kumi.

"Hakuna kimbunga, basi bahari ni salama"

Waulize wavuvi wa Msimbati au Kilwa Kivinje. Kwa mtumbwi na ngalawa, miezi ya kusi ndiyo migumu, na kusi ni upepo wa kipupwe, hauna uhusiano wowote na kimbunga. Taarifa za Mamlaka miezi hiyo hutaja mara kwa mara upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia meta 2. Namba hizo zinaonekana ndogo ukizilinganisha na za Florida. Kwa chombo chenye ubao wa shibiri mbili juu ya maji ni nyingi.

"Baridi ndiyo inayoleta ubwiriunga"

Nusu kweli. Ubwiriunga wa mkorosho ni kuvu, na hushambulia majani machanga na maua, ambayo kwa mikorosho yetu hutoka hasa katika miezi hiihii ya ubaridi. Umande na ukungu wa asubuhi humsaidia kuvu huyo kushika. Mkulima anayeahirisha kupuliza salfa, dawa ya kumzuia, kwa sababu "mwaka huu hakuna baridi" atakuta maua yamekuwa meupe hata kama hakuwahi kuvaa sweta. Cha kutazama ni machipukizi na unyevu wa alfajiri. Na salfa yenyewe ya vumbi hupulizwa asubuhi mapema, kusi likiwa bado limetulia, kwa sababu likishaanza kuvuma vumbi huishia kwenye shamba la jirani.