Ulaghai huanza na ingizo moja la jarida

Nikialikwa kuwafundisha wahasibu maadili, mara nyingi nakabidhiwa kabrasha lenye kanuni tano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu, usiri, na mwenendo unaolinda heshima ya taaluma. Ni kanuni nzuri. Zimo katika mwongozo wa IESBA, bodi ya kimataifa ya viwango vya maadili kwa wahasibu, na karibu kila anayeketi mbele yangu alishazijibia mtihani. Ndiyo maana sianzi nazo. Sijakutana na mhasibu aliyepika vitabu kwa kuwa hakujua kwamba uongo ni mbaya.

Naanza kwa kuandika ubaoni ingizo moja la jarida, yaani mstari wa kumbukumbu katika vitabu vya hesabu: debiti mali za kudumu, krediti gharama za uendeshaji. Maana yake, gharama inatolewa kwenye matumizi na kuandikwa kama mali. Chini yake naweka maelezo, "marekebisho kwa maelekezo ya mkurugenzi wa fedha". Hakuna ankara wala mkataba ulioambatishwa. Nauliza nani atalipitisha. Kimya kidogo, kisha maswali: ni kiasi gani, wakaguzi wa nje wanajua, mwezi unafungwa lini? Wengi huishia kusema wangelipitisha, vielelezo vije baadaye.

Ingizo la namna hiyo ndilo lililoizamisha WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani. Ilikuwa inazilipa kampuni nyingine ili simu za wateja wake zipite kwenye mitambo yao. Gharama kama hiyo ni ya kipindi kile kile, inakwenda moja kwa moja kwenye taarifa ya mapato. Kuanzia 2001 wakawa wanaihamishia kwenye mali, ili ipunguzwe pole pole kwa uchakavu wa miaka mingi, na faida ya robo mwaka ikapanda bila mteja mmoja kuongezeka. Ni mfano mzuri wa kufundishia kwa sababu hauna wizi unaoonekana. Hakuna senti iliyotoka benki kinyemela, ulinganisho wa benki uko sawa, urari, yaani jumla za debiti na krediti, unafunga bila tatizo.

Lakini darasa huchangamka zaidi nikirudi nyuma kidogo, kwenye mwaka 2000. Wahasibu wa ngazi ya kati waliagizwa wapunguze malimbikizo ya gharama hizo, yaani kiasi kilichoandikwa vitabuni kwa bili ambazo bado hazijalipwa, kwa dola milioni 828 ili matokeo ya robo mwaka yapendeze. Walijua si sawa. Baadhi walifikiria kujiuzulu. Wakatulizwa kwamba ni mara hii tu, na mkubwa atabeba lawama. Wakabaki. Robo iliyofuata hali ilikuwa ile ile, ila sasa walikuwa wameshaingiza mkono. Mmoja wao alihukumiwa kifungo cha miezi 5 mwaka 2005, na hakimu hakupokea utetezi kwamba alikuwa anatii amri. Kilichoufichua mchezo, mwaka 2002, ni kikosi cha ukaguzi wa ndani kilichoongozwa na Cynthia Cooper, ambacho kiliuliza swali la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: vielelezo vya maingizo haya viko wapi? Havikuwepo. Kiasi kilichotangazwa mwanzoni kilikuwa dola bilioni 3.8.

Mtaalamu wa uhalifu Donald Cressey, katika kazi yake iliyotoka mwaka 1953, aliwahoji wafungwa waliokuwa wamekula fedha za waajiri wao. Kutokana nayo tukapata ile pembetatu inayochorwa kila semina: shinikizo, mwanya na kujihalalishia. Wengi wanaichora na kupita. Mimi hukaa kwenye jambo moja alilolisisitiza, kwamba shinikizo lenyewe huwa ni shida ambayo mtu anaona hawezi kumwambia mwenzake yeyote. Deni la kamari, biashara ya pembeni iliyokufa, maisha yaliyomzidi mshahara. Idara ya fedha ambamo mtu hawezi kusema "nimekwama" bila kuchekwa ina mwanya ambao mfumo wa kompyuta hauuoni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Katika mji mdogo wa Dixon, jimbo la Illinois, wenye watu wasiofika 16,000, msimamizi wa fedha Rita Crundwell alifungua akaunti ya benki kwa jina la mji mwaka 1990. Alitengeneza ankara za uongo zilizoonekana kutoka serikali ya jimbo, akahamisha fedha za mji kwenda kwenye akaunti hiyo, kisha akazitumia kwa farasi wa maonyesho na maisha ya kifahari. Zaidi ya dola milioni 53 zikaenda. Wakaguzi wa nje walikuwa wanapita kila mwaka. Aligunduliwa mwaka 2011 akiwa likizo ndefu: mwenzake aliyeshika nafasi yake aliiomba benki taarifa za akaunti zote, ikatokea moja isiyojulikana na mtu. Crundwell alihukumiwa kifungo cha miaka 19 na miezi 7, na kampuni za ukaguzi pamoja na benki zikaulipa mji dola milioni 40 ili kumaliza kesi.

Hapo sihitaji kuhubiri juu ya mgawanyo wa majukumu. Anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayepokea taarifa za benki. Likizo iwe ya lazima na kazi ishikwe na mwingine kweli kweli, si kusubiri mwenyewe arudi. (Mfanyakazi asiyetaka kabisa kwenda likizo husifiwa kwa kujituma. Mimi huomba kuona leja yake.)

Sehemu ninayoipa muda mrefu kuliko zote ni kukataa kwa mdomo. Nawaweka wawili wawili, mmoja bosi, mwingine mhasibu. Anayecheza bosi hupata maneno haraka mno: "We huniamini?" Mhasibu anababaika. Basi tunafanya mazoezi ya jibu mpaka litoke bila kigugumizi: "Nakuamini, mkuu. Ila mkaguzi atakuta faili, hatatukuta sisi. Naomba maelekezo hayo kwa barua pepe pamoja na mkataba, nitaliingiza leo leo." Sentensi hiyo haimtuhumu mtu. Maombi mengi machafu hufia pale pale yanapotakiwa kuandikwa.

Na njia ya kutoa taarifa lazima iwepo. Katika ripoti ya 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, asilimia 43 ya kesi ziligunduliwa kwa fununu, yaani mtu kudokeza alichokijua, zaidi ya nusu ya fununu hizo zikitoka kwa wafanyakazi. Ukaguzi wa nje uligundua kama asilimia 3 tu.

Swali linalokuja kila mara ni la usiri: si tumefungwa midomo? Mwongozo wa IESBA uliweka jambo hili wazi kuanzia Julai 2017. Mhasibu akibaini uvunjaji wa sheria anaanza na mkubwa wake, na kama mkubwa ndiye mhusika, anapanda juu zaidi hadi bodi ya kampuni. Maslahi ya umma yakidai, anaweza kuripoti kwa mamlaka bila kuhesabiwa kuwa amevunja usiri. Kujiuzulu peke yake hakutoshi. Kinga ya mtoa taarifa inategemea sheria ya nchi, kwa hiyo mwanasheria aonwe kabla, si baada.

Saa ya mwisho tunaandika kumbukumbu ya agizo kama hilo. Wengi hujaza "nilihisi kuna mchezo unachezwa", nami nawafutisha. Zinabaki tarehe, namba ya ingizo, aliyeagiza na maneno aliyotumia, jibu nililompa, na nani mwingine alikuwepo.